Naomba ushauri: nifundisheje chimbuko la binadamu ili wanafunzi wapime ushahidi wenyewe?

Chaki Nyeupe:
Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha Historia kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15, na kila ninapofika kwenye chimbuko la binadamu ninaandika ubaoni majina ya zamadamu, yaani viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, kwa mpangilio wa miaka, wanafunzi wananakili, kisha wanayarudisha kwenye mtihani kama walivyoyapokea. Wiki iliyopita nilikuwa nikieleza kwamba fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, lina umri wa takriban miaka milioni 1.75, ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza kwa upole, "Mwalimu, nani alikuwa akihesabu?" Darasa likacheka, nami nikacheka nao, lakini sikuwa na jibu zaidi ya kusema kwamba wanasayansi wamepima. Nina wanafunzi karibu 50, sina maabara, na nimebakiwa na vipindi viwili. Nimefikiria kufukia mifupa na vigae nyuma ya darasa ili wavichimbue. Je, wazo hilo linafaa?

Brashi na Uzi:
Mwalimu, kwa heshima zote, wazo la kufukia mifupa liache. Nimewahi kulijaribu: baada ya dakika kumi kila mmoja alikuwa ameinua mfupa wake juu akishangilia, na mbele yetu kulibaki shimo ambalo halikuweza kutuambia lolote, kwa sababu kitu kikishang'olewa bila kuandikwa kilikuwa wapi na kando ya nini, sehemu kubwa ya ushahidi wake imepotea.

Chukua badala yake kapu la karatasi taka ambalo halijamwagwa kwa wiki nzima. Wanafunzi watoe karatasi moja moja kuanzia juu, wakiandika kila iliyotoka na ilitanguliwa na ipi. Wataona wenyewe kwamba za chini zilitangulia kutupwa, na wakikuta karatasi mbili zenye tarehe, kila kilicho katikati yake kimepata umri wa kukadiria ingawa chenyewe hakina tarehe. Mimi huchomeka karatasi ya leo hadi chini kabisa kabla ya kipindi, kisha ninawaacha wabishane imefikaje huko, maana hata ardhini panya huchimba na maji huhamisha vitu.

Hapo ndipo pa kumjibu yule msichana. Kilichopimwa Olduvai ni majivu ya volkano yaliyo katika tabaka zilezile, si fuvu lenyewe. Ndani ya madini ya majivu hayo kuna potasiamu ya aina fulani ambayo hugeuka polepole mno kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiyeyuka gesi hiyo hutoroka, ukiganda huanza kujikusanya upya, kwa hiyo kiasi cha agoni kilichomo ndiyo saa. Matokeo ya kipimo hicho yalitolewa mwaka 1961.

Nyayo za Majivuni:
Ninaunga mkono kapu, lakini kipindi cha pili kitumie kwa nyayo za Laetoli, Tanzania, ambazo zamadamu waliziacha kwenye majivu ya volkano na zina umri wa takriban miaka milioni 3.66. Kila mwanafunzi apime urefu wa unyayo wake na kimo chake, agawe unyayo kwa kimo, na darasa litafute wastani. Kwa kawaida unyayo hukaribia asilimia 15 ya kimo. Kisha wape unyayo wa sentimita 26, ambao ni kama zile kubwa kabisa zilizopatikana huko, wakadirie kimo cha aliyeukanyaga. Watapata karibu sentimita 173, ilhali watafiti walikadiria karibu 165. Usiwaambie kwamba wamekosea! Waulize kwa nini tofauti ipo, hadi mmoja aseme kwamba uwiano wao umetokana na miili ya watu wa leo, na huenda zamadamu yule alikuwa na mguu mrefu zaidi kwa kimo chake. Mimi huona swali hilo moja likifanya kazi kuliko orodha nzima ya majina.

Msoma Tabaka:
Nina angalizo moja. Mazoezi haya yote yanaweza kugeuka mchezo wa kukisia jibu ambalo mwalimu analo mfukoni, kwa hiyo waonyeshe pia mahali ambapo wataalamu wenyewe walidanganyika. Fuvu la Piltdown lilitangazwa Uingereza mwaka 1912, na hadi mwaka 1953 ndipo ilipothibitishwa kwamba ni fuvu la binadamu lililounganishwa na taya la orangutani, meno yakiwa yamekwanguliwa kwa tupa. Lilipokelewa kwa sababu wengi waliamini kwamba ubongo mkubwa ulitangulia kutembea wima, na fuvu hilo liliwapa walichokitarajia. Nyayo za Laetoli zinasema kinyume: aliyezikanyaga alitembea wima huku ubongo wa jamii yake ukiwa bado mdogo.

Chaki Nyeupe:
Ninawashukuru sana, mifupa haitafukiwa. Limebaki swali ambalo najua nitaulizwa: kwa nini wasitumie kaboni 14, ile kaboni inayopungua polepole katika mabaki ya viumbe na kuonyesha umri wake, ambayo wanafunzi wameisikia tayari?

Brashi na Uzi:
Wape ukanda wa karatasi wa sentimita 30 na mkasi. Ukanda ndio kaboni hiyo: kila mkato unaacha nusu, kama kaboni 14 inavyobaki nusu kila baada ya miaka 5,730. Karibu na mkato wa nane, kilichobaki ni takriban milimita moja na mkasi hauwezi tena kukishika vizuri. Mkato wa kumi ungekuwa miaka 57,300, na hapo kaboni iliyobaki ni chini ya sehemu moja ya elfu, ndiyo maana kipimo hicho huishia kwenye takriban miaka 50,000. Baada ya hapo waulize wangehitaji kukata mara ngapi ili wafike miaka milioni 1.75. Jibu ni zaidi ya mara 300, na ni vizuri walipate kwa kugawa wenyewe.