Kompresa inanguruma lakini haiondoki

Mwenye nyumba, Jambiani: Assalaam alaykum mafundi. Pampu ya joto inayopasha maji ya wageni imenishinda. Feni inazunguka, kontakta (swichi inayoipelekea kompresa umeme) inabana, kompresa (mota inayosukuma gesi) inanguruma sekunde chache, kisha kimya. Baada ya nusu saa inajaribu tena. Umeme unaoingia volti 228. Wageni wanaoga maji baridi na roho inaniuma. Ninunue kompresa?

Fundi, Wete: Waalaykum salaam. Usinunue bado, sheikh! Ule ukimya ni kinga ya joto inakata kwa sababu mota haijaanza kuzunguka. Pima volti upande wa kutoka kwenye kontakta wakati inanguruma. Chumvi ya pwani hula pointi zake, pale vyuma vinapogusana. Kisha zima swichi kuu, toa chaji ya kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme na kuisaidia mota kuanza, uipime. Usiiguse na chaji, itakudhuru.

Mwenye nyumba: Kontakta inatoa 226. Kapasita imeandikwa maikrofaradi 35, mita inasoma 21.

Fundi, Wete: Mgonjwa ni huyo. Weka 35 hiyo hiyo, volti zake zisipungue za ile ya zamani.

Fundi, Mkunazini: Na usafishe vichwa vya waya, vikishika kutu vinapata moto.

Mwenye nyumba: Imeondoka mara moja, alhamdulillahi! Waya mmoja kweli ulikuwa umeungua, nimeukata na kuufunga upya.