Je, mizunguko ya wiki mbili inafaa kazi ya seva?

MtunzaSeva, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Tuko watatu, tunatunza seva 12 za chama kimoja cha akiba na mikopo. Mkuu wetu ameagiza tufuate utaratibu wa Scrum kama wenzetu wanaoandika programu: tupange kazi za wiki mbili, na katikati pasiongezwe nyingine. Jumatatu tulipanga kuhamisha hifadhidata. Jumanne umeme ukapotea, betri za UPS zikaisha kabla ya jenereta kushika, na seva ya barua pepe ikakataa kuwaka. Kila kazi tunaiandika kwenye kadi, na kadi husogezwa ubaoni kazi inavyoendelea. Kufikia Ijumaa, kadi 9 kati ya 11 hazikuwa zimesogea. Kosa ni letu, au ni la utaratibu?

Fundi_Nakuru
Pole sana, ndugu. Waandishi 17 wa azimio la Agile, yaani mtindo wa kufanya kazi kwa hatua fupi ambao Scrum ni mojawapo ya njia zake, waliokutana Utah, Marekani, mwaka wa 2001, walikuwa watu wa programu, ambao ombi jipya wanaweza kuliweka hadi mzunguko ujao. Seva iliyozimika haingoji. Sisi tulihamia Kanban, yenye asili yake katika viwanda vya Toyota, ambapo kazi huvutwa nafasi inapopatikana na kila safu ya ubao ina kikomo. Kwetu hakuna anayeshika kadi zaidi ya mbili. Isitoshe, kila wiki mmoja wetu huwa wa zamu, akipokea dharura zote, ili wengine wasikatizwe. Hiyo zamu, kwa maoni yangu, ina uzito kuliko ubao wenyewe.

Mama_Mitandao, Kakamega
Zamu naiunga mkono, ila nisingeitupa mizunguko yote. Mbelgiji Patrick Debois alilizungumzia suala hili hili, la kutumia Agile katika kazi ya seva, katika kongamano la Agile la 2008 huko Toronto. Mipangilio ya seva ikiandikwa kwa Ansible, programu inayopanga seva nyingi kwa maagizo yaliyoandikwa, na kuhifadhiwa katika Git, inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko, unaweza kubadilisha seva moja, ukaipima, ndipo uziendee nyingine. Diski zilizoagizwa, hata hivyo, hazifiki mapema kwa kuwa mzunguko unaisha. Zipeni safu ya "Tunasubiri". Masasisho ya Microsoft nayo hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa hiyo yapangeni mapema, yasiingie kama dharura.

MtunzaSeva, Kisumu
Asanteni sana. Na kadi ya nakala rudufu huhesabiwa kuwa imekamilika lini?

Fundi_Nakuru
Mtu mwingine, asiyekuwa aliyeitengeneza, akishachukua nakala hiyo, akairejesha kwenye seva ya majaribio na faili zikafunguka. Kabla ya hapo kadi haisogei.