Mfungaji hukumbukaje namna ya kurusha mpira?

Mkufunzi, Jinja:
Ndugu zangu, mfungaji wangu wa netiboli alirudi baada ya miezi minane, na mikono yake ikarusha kana kwamba hakuwahi kuondoka. Lakini nikimwomba awaeleze wenzake anavyofanya, anashindwa. Je, kumbukumbu hiyo hukaa misulini?

Mwalimu wa biolojia, Mbale:
Hapana, ndugu mkufunzi, misuli hutii tu. Serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni, hulinganisha tendo lililokusudiwa na lililotokea, kisha hurekebisha kosa, na viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo huunganisha hatua mbalimbali ziwe mfululizo mmoja. Mmarekani Henry Molaison, aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 kutibiwa kifafa, alipoteza uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio; hata hivyo, mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa kazi ya kuchora nyota akiitazama kiooni, aliimarika siku hadi siku, ingawa hakukumbuka kuwahi kuifanya. Ndiyo maana mchezaji wako anajua bila kuweza kueleza.

Mkufunzi, Jinja:
Nashukuru, mwalimu. Mbona basi hukosa kwenye fainali?

Mchezaji mstaafu, Kampala:
Kwa sababu ya hofu huanza kuchunguza kiwiko chake, na uangalizi huo huvuruga mfululizo uliokwisha kujiendesha wenyewe. (Mimi mwenyewe nililipia kosa hilo.) Mwambie akazie macho pete, si mkono, na mazoezini umbadilishie umbali mara kwa mara badala ya kumrudisha mahali palepale.