Naomba ushauri: kuvusha kamera na taa kwenda Mafia kwa boti, harusi ni Ijumaa

Kijana wa Lenzi
Habari za jioni wakuu. Nina kazi ya harusi Kilindoni, Mafia. Ndoa inafungwa Ijumaa baada ya swala, Jumamosi anatolewa bibi harusi. Hapa Dar nimezoea kubeba vifaa kwa bajaji, bahari sijawahi kuvuka na mzigo. Nina kamera mbili, lenzi tatu, droni ndogo, taa mbili, stendi mbili na maiki za kubana kwenye nguo. Nimewaza nipande basi Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, halafu boti. Naogopa maji ya chumvi na mrusho wa njiani. Nipakie vipi? Usingizi sipati. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Kibiti
Kijana, wenzako wote wanaogopa bahari wakasahau barabara. Ukishakata kona Bungu kuingia Nyamisati ndipo vitu vinapofunguka boliti. Mimi nilipeleka jenereta ya msikiti njia hiyo, ikafika mfuniko unaning'inia. Siti ya nyuma kabisa usikae, hapo ndipo basi linaporuka zaidi. Kaa katikati, kasha miguuni. Na utingo akikwambia lipande juu, mwambie humo mna mayai.

Mama Shughuli
Mwanangu, hujasema nani atapiga picha ndani kwa wanawake. Siku ya kumtoa bibi harusi watu wamevua mabaibui, hawataki mwanaume na kamera yake. Nilishuhudia Kilwa kijana kakaa barazani siku nzima, video ikatoka ya wapishi tu. Tafuta binti wa kushika kamera moja.

Fundi Kamera
Mama yuko sahihi, lakini turudi kwenye kupakia. Lenzi zote zitoke kwenye kamera. Lenzi ndefu ikibaki imefungwa, mtikisiko wa saa nne unaulegeza mdomo wa kamera, na hilo unaligundua siku picha zinakataa kukaa sawa upande mmoja. Vifuniko mbele na nyuma. Betri zikae peke yake, vichwa vya chuma vimezibwa kwa selotepu, visigusane na funguo wala sarafu.

Chumvi haihitaji wimbi, inakuja na upepo. Kila kifaa kiingie kwenye mfuko wa nailoni unaozibika, weka na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukilala chumba chenye kiyoyozi, asubuhi usiitoe kamera nje ikiwa wazi. Iache ndani ya mfuko uliozibwa nusu saa au zaidi mpaka ipate joto la nje, la sivyo kioo kitatoa jasho, na ndani ya lenzi ukungu huota baadaye ukiwa umeshasahau.

Nahodha wa Maji Mafu
Mwezi huu wa saba ni kusi tupu. Boti ikishatoka kwenye mikoko ya Rufiji inapigwa ubavuni. Ushauri wangu: vuka mapema, upepo wa kusi hukaza mchana.

Pwani Raha
Kwa nini usipande ndege? Dar mpaka Mafia ni kama nusu saa.

Fundi Kamera
Hizo ndege ndogo mara nyingi zinakupa kilo 15 na zinataka begi laini. Kasha gumu la vifaa vyote hivyo halipiti. Betri za akiba ndiyo kabisa, ni za kubeba mkononi tu. Zenye nguvu chini ya wati-saa (Wh) 100 hazina shida, kati ya 100 na 160 lazima shirika likubali na hazizidi mbili, zaidi ya hapo abiria haruhusiwi.

Kijana wa Lenzi
Asanteni sana. Ndege niliifuta mapema, mwenyewe akisikia vimepita uwanja wa ndege itakuwa kesi.

Pwani Raha
Mwenyewe nani?

Mama Shughuli
Hata mimi hapo nimesimama. Mwenyewe nani, mwanangu?

Kijana wa Lenzi
Sawa, niseme. Vifaa ni vya kukodi kwa jamaa wa Sinza. Kwenye karatasi tumeandikishana visitoke nje ya Dar. Nilimwambia shughuli iko Mbezi. Lakini advansi laki nne nimeshapokea, nusu imekwenda kwenye kukodi, nyingine kwenye nauli, kasha na sponji. Siwezi kurudi nyuma. Na navitunza kuliko anavyovitunza yeye, lenzi moja nimeipokea ina alama za vidole.

Ustadhi wa Temeke
Ndugu yangu, hiyo ni amana. Ukiivusha bila idhini, hata isipopata mkwaruzo umeshaivunja. Marehemu baba aliazimwa cherehani kwa wiki moja, akaiona tena Bagamoyo baada ya miaka miwili.

Mzee wa Kibiti
Nguo ya kuazima haisitiri makalio. Ikizama hiyo boti utalipa nini?

Kijana wa Lenzi
Mzee, nikirudisha advansi nimepoteza na jina. Bwana harusi ameshawaambia ndugu zake kuwa video inatoka Dar.

Kaa la Moto
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Huyu mwezi wa tatu alileta uzi hapa anauza kamera, akasema anakwenda Lindi kulima ufuta. Leo ana harusi Mafia? Na Kilindoni kuna vijana wa video tele, nani atamwagiza mtu wa Dar? Anataka tu tubishane.

Pwani Raha
Kweli, ule uzi naukumbuka. Mleta mada njoo ujibu.

Ustadhi wa Temeke
Kama ni kutunga, basi katunga na dhambi yake.

Kijana wa Lenzi
Uzi ule ni wangu. Niliuza kamera mama alipolazwa. Ufuta nililima ekari moja na mvua ikakata. Bwana harusi nilisoma naye Mbagala, ndiyo maana kaniita mimi. Kama nisingeuza, nisingekodi.

Sasa hivi niko sakafuni, kasha liko wazi mbele yangu. Sponji ya godoro nimekata kwa wembe. Shimo la lenzi ndefu nimelikosea, limekuwa pana, lenzi inacheza. Nimejazia kanga ya mama. Nikitikisa kasha, kuna kitu kinagonga upande wa chaja na siwezi kukiona.

Fundi Kamera
Mimi namwamini. Anayetunga hakosei shimo. Kanga itoe, inaacha nyuzi kwenye kioo. Kata kipande kingine cha sponji, kisimamishe wima pembeni ya lenzi, kiingie kwa kubana. Kinachogonga nadhani ni waya wa chaja, ukunje uufunge na mpira. Droni iache. Uwanja wa ndege wa Mafia uko pale pale Kilindoni, na bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, hurushi. Wakati wa kurudi, memori kadi zisilale ndani ya kamera, zitembee mfukoni mwako. Kamera inalipika. Ile ndoa hairudiwi.

Mama Shughuli
Na mpigie huyo bwana wa Sinza, leo hii. Mueleze na habari ya mama yako.

Kijana wa Lenzi
Nimempigia. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Amesema vitakwenda, ila mdogo wake anakuja navyo, nauli na chakula juu yangu, na droni narudisha kesho asubuhi. Dada huyo anajua kushika kamera. Nikitoa nauli yake, faida yangu inabaki elfu sitini.

Mama Shughuli
Dada? Basi wa ndani kwa wanawake umeshampata.

Nahodha wa Maji Mafu
Vukeni Jumatano, msingoje Alhamisi. Kufika Nyamisati mfike alfajiri, maji yakipwa mtasubiri. Kasha lisikae sakafuni mwa boti, kule chini maji yanachanganyika na dizeli. Liwekeni juu ya benchi, mlifunge kamba mbili, na mmoja wenu alikalie.

Kijana wa Lenzi
Kamba ya katani au ya nailoni?

Nahodha wa Maji Mafu
Katani. Nailoni ikilowa inateleza fundo.