Wajapani wanapataje medali za kupokezana vijiti bila kuwa na bingwa wa mita 100?

Mwalimu wa Michezo, Rungwe

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari iliyo karibu na Tukuyu. Tangu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni katika Mashindano ya Dunia jijini Tokyo, Septemba 2025, wanafunzi wangu hawaachi kuizungumzia riadha, na wale wa mbio fupi wameniletea swali ambalo sikutaka kulijibu juu juu. Inakuwaje Japani, nchi ambayo mwanamume wake hajawahi kupata medali ya mita 100 katika Olimpiki, iwe na medali za kupokezana vijiti katika mbio za watu wanne, kila mmoja akikimbia mita 100?

Swali hili linanigusa kwa sababu nina vijana wanne ninaowaandaa kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kushinda mita 100 peke yake ngazi ya mkoa. Naomba mnieleze ni wanariadha gani wa Kijapani ninaopaswa kuwafahamu, na ni jambo gani hasa wanalofanya ambalo linawezekana pia kwenye uwanja wa nyasi.

Mkufunzi wa Mbio Fupi, Iringa

Kamwene, Mwalimu. Anza na fainali ya Rio ya mwaka 2016, kwa kuwa ndiyo inayojibu sehemu kubwa ya swali lako. Ryota Yamagata alianza, akamkabidhi Shota Iizuka, Iizuka akamkabidhi Yoshihide Kiryu, na Aska Cambridge akamalizia. Siku hiyo hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10, lakini kwa pamoja walitumia sekunde 37.60 na kupata medali ya fedha nyuma ya Jamaika ya Usain Bolt, iliyotumia 37.27. Ukijumlisha muda bora wa kila mmoja wao unavuka sekunde 40. Ni kweli kwamba kila timu hupata nafuu ya aina hiyo, maana wakimbiaji watatu wa mwisho hupokea kijiti wakiwa tayari wako kwenye mwendo, ila Wajapani waliipata kwa kiwango ambacho timu zenye watu wa kasi zaidi yao hazikukifikia. Marekani, iliyovuka mstari katika nafasi ya tatu, iliondolewa kwa sababu mpokeaji alikigusa kijiti kabla hakijaingia katika eneo la kukabidhiana.

Siri iko mkononi. Timu nyingi hupokea kwa juu: mpokeaji hunyoosha mkono nyuma, kiganja kikitazama juu, na mwenzake hukishusha kijiti humo. Wajapani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hupokea kwa chini. Mpokeaji huuacha mkono karibu na nyonga, kiganja kikitazama chini na kidole gumba kikiwa kimeachana na vingine, na mtoaji hukipandisha kijiti mpaka kikae kati ya gumba na kidole cha shahada. Kwa namna hiyo mikono haitoki sana katika mwendo wake wa kawaida, na mpokeaji hapotezi kasi wakati anasubiri. Hasara yake ni kwamba wawili hao wanalazimika kukaribiana zaidi, na sehemu ya kushika hupungua kadiri kijiti kinavyopita mkono hadi mkono. Kwa hiyo vijana wafundishwe kupokea mpaka mkono uguse mkono. Naona mbinu hii inawafaa wanafunzi, kwa sababu haihitaji kitu chochote zaidi ya kijiti na watu wanne walio tayari kuirudia kila jioni.

Wala Rio haikuwa bahati. Huko Beijing mwaka 2008, Naoki Tsukahara, Shingo Suetsugu, Shinji Takahira na Nobuharu Asahara walimaliza wa tatu, na baadaye shaba yao ikawa fedha baada ya Jamaika kunyang'anywa dhahabu kwa kosa la mkimbiaji wake Nesta Carter la dawa zilizokatazwa. Asahara alikimbia mkondo wa mwisho akiwa na umri wa miaka 36.

Mfuatiliaji wa Rekodi, Njombe

Mkufunzi ameeleza vizuri, naomba niongeze habari za mtu mmoja mmoja, kwa sababu vijana hupenda kumjua mtu.

Koji Ito alikimbia sekunde 10.00 kamili katika Michezo ya Asia mjini Bangkok mwaka 1998, na taifa zima likaisubiri ile ya chini ya sekunde 10 kwa karibu miaka 19. Kiryu alianza kuikaribia mwaka 2013, akiwa mwanafunzi wa sekondari mwenye miaka 17, alipotumia 10.01, lakini hakuivuka mpaka Septemba 2017 huko Fukui, kwa 9.98. Miaka hiyo minne iliyo kati ya mbio hizo mbili ndiyo ninayopenda kuwasimulia vijana, kwa kuwa kila alipoingia uwanjani watu walikuwa wanaisubiri namba hiyo tu. Yamagata alishusha rekodi ya taifa hadi 9.95 huko Tottori, Juni 2021.

Abdul Hakim Sani Brown, ambaye mama yake ni Mjapani na baba yake ni Mghana, alifika fainali ya mita 100 ya Mashindano ya Dunia mwaka 2022 na tena mwaka 2023. Katika Olimpiki ya Paris ya 2024 alitumia 9.96 kwenye nusu fainali, muda wake bora kabisa, na bado hakufuzu. Katika mita 200 yuko Suetsugu, aliyepata shaba ya Mashindano ya Dunia jijini Paris mwaka 2003. Mwaka huohuo alikimbia 20.03.

Wanafunzi wako watamfurahia zaidi Sorato Shimizu, ambaye Julai 2025, akiwa na miaka 16, alitumia 10.00 katika mashindano ya shule za sekondari, yaani ngazi ileile ya UMISSETA yetu.

Angalizo moja, Mwalimu. Usizilinganishe namba hizi moja kwa moja na za saa inayobonyezwa kwa mkono, kwa sababu saa hiyo hupunguza takribani robo ya sekunde. Pia sisi wa nyanda za juu tunakimbia kwenye hewa nyepesi, na hewa nyepesi humsaidia mkimbiaji wa mbio fupi.

Mwalimu wa Michezo, Rungwe

Ndaga fijo, wakubwa. Nimewasomea vijana habari za Kiryu na wamenyamaza kusikiliza, jambo ambalo si la kawaida yao. Sasa naomba kujua namna ya kuwapanga. Je, mwenye kasi kuliko wote awekwe mwisho?

Kocha Mstaafu, Mbeya Mjini

Mwanangu, si lazima. Wa kwanza awe hodari wa kuanza na wa kukimbia kona. Wa pili na wa tatu ndio wanaotoa na kupokea, kwa hiyo waweke wenye mikono tulivu. Katika fainali ya Rio, Kiryu, mwenye muda bora kuliko wenzake wote, alikimbia mkondo wa tatu, kwenye kona. Wa kwanza na wa tatu washike kijiti kwa mkono wa kulia ili wabane upande wa ndani wa kona, wa pili na wa nne kwa mkono wa kushoto, na asiwepo anayekihamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Jambo la kulisimamia kwa ukali ni alama ya kuondokea. Katika fainali ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Shuhei Tada hakuweza kumfikia Yamagata ndani ya eneo, na wenyeji hawakumaliza mbio, pamoja na ustadi wao wote. Pima alama hiyo kwa nyayo kutoka mwanzo wa eneo, uichore kwa chokaa, na mpokeaji aondoke pale tu mwenzake anapoikanyaga, bila kugeuka tena. Akifikiwa mapema mno, isogeze alama nyuma kwa unyayo mmoja. Asipofikiwa, isogeze mbele. Eneo lenyewe siku hizi lina urefu wa mita 30, kwa hiyo weka vigingi viwili na upime muda wa kijiti kutoka kigingi cha kwanza hadi cha pili. Muda huo ndio uuandike kwenye daftari kila jioni, kwa kila jozi.