Nanunua nyumba nchi ya nje: nianze na karatasi zipi?

Mleta uzi: Wakuu habari zenu. Nimepata nyumba ndogo nje ya nchi, bei tumeelewana, na dalali ananihimiza nilipe arubuni wiki hii. Nina pasipoti na taarifa ya benki tu. Halafu jina langu la kati lipo kwenye pasipoti ila kwenye cheti cha ndoa halipo. Hii ni akiba yangu yote, naombeni ushauri.

Nanga_Juu: Mkuu, arubuni isitoke kabla hujaona dondoo mpya ya daftari la ardhi la huko. Hispania wanaiita nota simple: inaonyesha mmiliki ni nani na kama nyumba imewekwa rehani. Mtume wakili uliyemtafuta wewe, usipokee nakala ya dalali. Uliza pia namba ya kodi kwa wageni (Hispania ni NIE, Ureno NIF), iombe mapema. Taarifa ya benki inaonyesha una kiasi gani. Watataka kujua pesa ilitoka wapi: hati za mshahara, mkataba wa kiwanja ulichouza, chochote chenye tarehe na saini.

Mama_Pacha: Ndugu yangu, hilo jina lishughulikie leo. Mimi nilishakaa mbele ya notari (ofisa wa sheria anayeshuhudia mikataba), akaweka kidole kwenye jina langu la pasipoti, kingine kwenye cheti. Herufi moja ilikuwa imeruka. Akafunika kalamu yake. Nikarudi kula kiapo cha majina, kikagongwa apostili (muhuri wa kuthibitisha hati ili ikubalike nchi nyingine), kikatafsiriwa, ndipo nikapewa siku nyingine.

Mleta uzi: Pole sana dada. Apostili naipata huku au kule?

Mama_Pacha: Inatoka nchi iliyotoa hati yenyewe. Ni utaratibu wa Mkataba wa Hague wa 1961. Kama nchi mojawapo haimo, utapitia wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa kule unakonunua. Na tafsiri ije baada ya mihuri, maana mihuri nayo inatafsiriwa. Mimi nilitanguliza tafsiri, nikalipa mara mbili.

Nanga_Juu: Usipoweza kusafiri siku ya kusaini, andaa hati ya uwakili. Itaje nyumba hiyo hiyo, bei ya mwisho na muda wa kuisha. Ya jumla jumla usisaini kabisa.

Mleta uzi: Asanteni mno. Dalali nimemwambia asubiri dondoo. Kesho asubuhi naenda kula kiapo cha majina.