Indiketa zinazojizima zenyewe kwenye pikipiki za kisasa: nataka kuzima mwenyewe

Ndugu wanajamvi,

Nimekaa na hasira hii wiki tatu nikitumaini kwamba itapoa, ili niandike maneno ninayoweza kuyasimamia. Haikupoa, ila maneno ninayo, na naomba mnivumilie kwa sababu jambo lenyewe linahitaji kuelezwa taratibu.

Jumamosi moja nilitoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro, na mbele ya Chalinze nilitakiwa kukata kulia kuingia njia ya vumbi inayokwenda shambani kwa mjomba wangu. Kila anayeendesha pikipiki nchini anajua kwamba kukata kulia katika barabara kuu kunatisha kuliko karibu jambo lolote jingine tunalolifanya, kwa kuwa tunatembea upande wa kushoto: unawakatisha wanaokuja mbele, na nyuma yako kuna basi ambalo halitaki kusubiri. Niliwasha indiketa mita mia mbili hivi kabla ya kufika, kama nilivyofundishwa, nikapunguza mwendo na kusogea karibu na mstari wa kati. Malori matatu yalikuwa yanakuja kutoka Morogoro, hivyo nikawa natambaa kwa gia ya kwanza nikisubiri yapite. Lori la tatu lilipopita nilianza kulaza pikipiki kulia, nikatupa jicho kwenye kioo mara ya mwisho, na ndipo nikaona basi limeshatoka katika njia yake, linanipita kwa upande uleule niliokuwa naingia. Nilibana breki kwa nguvu zangu zote. Upepo wa lile basi ulinisukuma, mguu wangu wa kushoto ukatua chini, na mpaka leo goti hilo linauma ninapopanda ngazi.

Nilitaka kumlaani yule dereva, lakini nilipotazama dashibodi, alama ya kijani haikuwepo. Yeye aliona pikipiki iliyokuwa inawasha indiketa ya kulia, kisha ikazima na kuendelea polepole, akaelewa kwamba nimeghairi. Angeelewa nini kingine? Mimi sikuizima. Pikipiki ndiyo iliyoamua, bila kuniuliza, kwamba nimekwisha kukata kona ambayo nilikuwa bado sijaifikia.

Sasa tuzungumzie jinsi mambo haya yanavyofanya kazi, kwa sababu wengi wetu tunauziwa pikipiki hizi tukiambiwa kwamba indiketa zake "zina akili," na hatuambiwi akili hiyo inatazama nini. Katika gari jambo hili ni rahisi na limekuwa rahisi kwa miaka mingi: ukikata kona unazungusha usukani, na usukani unaporudi katikati, kidude kilichofungwa kwenye mhimili wake kinairudisha swichi ya indiketa mahali pake. Chanzo ni usukani wenyewe, na usukani wa gari hausemi uongo kuhusu kona. Pikipiki haina kitu cha namna hiyo. Ikiwa kwenye mwendo, inakata kona kwa kulala, na usukani wake unasogea kidogo mno. Zaidi ya hapo, ili ilale kushoto unausukuma mkono wa kushoto mbele, yaani kwa nukta moja usukani unaelekea kulia kabla pikipiki haijaenda kushoto. Kwa hiyo watengenezaji walilazimika kutafuta dalili nyingine za kuwaambia kwamba kona imekwisha, na hapo ndipo kubahatisha kulipoanza.

Yamaha walikuwa na mfumo wa aina hii tangu miaka ya 1970. Wao walitumia muda pamoja na umbali: indiketa ilizimika baada ya sekunde 10 na mita 150, na sharti yote mawili yatimie, ili ukisimama kwenye taa za barabarani isizimike kwa sababu tu sekunde zimepita. Nakiri kwamba kwa mtaani wazo hilo lina mantiki. Lakini lipelekeni barabara kuu mlione. Mtu anayetembea kilomita 80 kwa saa anamaliza mita 222 katika sekunde 10. Aliyewasha indiketa mita 200 kabla ya njia panda, kama dereva mwenye busara anavyopaswa kufanya, akianza kupunguza mwendo mara moja, atakuwa amemaliza mita 150 na sekunde 10 zote mbili kabla hajafika. Maana yake ni kwamba mfumo wa namna hii unamtupa mkono yule aliyetoa taarifa mapema, na unamhudumia vizuri yule anayewasha dakika ya mwisho. Nilipofika nyumbani na kupiga hesabu hii kwenye karatasi, nilielewa kilichonipata Chalinze, na hapo hasira ikazidi badala ya kupungua.

Wengine watasema kwamba pikipiki mpya zimepita hatua hiyo. Ni kweli kwamba zina sensa zinazopima pikipiki imelala kiasi gani, na nyingine zinalinganisha kasi ya gurudumu la mbele na la nyuma, kwa kuwa kwenye kona gurudumu la mbele hupita njia ndefu kidogo kuliko la nyuma. Ya kwangu ina sensa ya mlalo pamoja na kuhesabu umbali, na ninaweza kuwaambia kwamba mlalo nao hautoshi. Mwezi uliopita nilipanda kutoka Mombo kwenda Soni, na wanaoijua barabara ile wanajua kwamba ni kona juu ya kona. Nilitaka kuingia njia ndogo upande wa kulia ambayo iko mara tu baada ya kona ya kulia. Nikawasha indiketa kabla ya kona, maana nikingoja mpaka niimalize nitakuwa nimechelewa kumtaarifu aliye nyuma yangu. Pikipiki ikalala kulia kufuata barabara, ikasimama wima kona ilipoisha, na taa ikazimika. Kwa sensa ile, kulala na kusimama ni kukata kona. Haina njia ya kujua kwamba barabara yenyewe ndiyo iliyopinda na mimi bado sijatoka ndani yake.

Halafu kuna kosa la upande wa pili, ambalo linatisha vilevile. Ukiacha barabara kuu kwa mchepuo mpole, au ukirudi katika njia yako baada ya kulipita lori, pikipiki hailali kiasi cha kuishawishi sensa, hivyo indiketa inaendelea kuwaka. Mwenye bajaji aliniingilia barabarani kwa sababu hiyo: aliona indiketa yangu ya kushoto, akaamini kwamba naingia njia aliyokuwa anatokea, akajitosa mbele yangu. Nilimkwepa. Aliniomba radhi, nami nikashindwa kumjibu, kwa kuwa aliyekosa alikuwa mimi, au kwa usahihi zaidi, alikuwa yule aliyeniahidi kwamba taa itazimika.

Mniulize: kwa nini hukuizima kwa kidole? Hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya yote. Kwa miaka kumi na moja niliendesha pikipiki ya kawaida ya swichi moja, unasukuma kushoto, unasukuma kulia, unabonyeza katikati kuzima. Dole gumba langu lilikuwa linabonyeza kila baada ya kona bila mimi kufikiri, hata pale ambapo taa haikuwaka. Pikipiki hii mpya ilizima yenyewe vizuri mara nyingi kiasi kwamba baada ya miezi michache dole langu liliacha kazi hiyo. Kifaa kinachokosea kila mara usingekiamini na ungebaki macho. Hiki kinapatia mara tisa, kinakufundisha kulegea, kisha mara ya kumi kinakuacha mbele ya basi.

Na hata ukitaka kuhakikisha, utahakikishaje? Alama ya indiketa kwenye kioo cha dashibodi yangu ni ndogo kama punje ya mchele, na jua la saa saba mchana linaifuta kabisa. Zamani tulikuwa tunasikia ule mlio wa tik-tak wa rilei, kile kidude kinachoimulikisha taa ya indiketa. Sasa taa ni za LED, rilei ni ya kielektroniki, kimya kitupu. Swichi nayo imepewa kazi nyingi: ukiigusa kidogo inawaka mara tatu tu kwa ajili ya kubadili njia, ukiishikilia inawaka moja kwa moja, ukibonyeza katikati inazima. Mtu aliyevaa glavu, anayebadili gia na kutazama kioo kwa wakati mmoja, hana hakika kama ameigusa au ameishikilia.

Wapo watakaosema kwamba watu wengi husahau kuzima indiketa na kwamba taa iliyosahauliwa inaua. Sibishani nao, inaua. Lakini dawa yake tunayo mitaani: fundi yeyote anakufungia kengele ndogo inayolia indiketa ikiwa imewashwa, na bodaboda wengi wanatembea nayo. Kelele ile inakera, na inakera kwa faida, kwa sababu inakukumbusha uzime wewe mwenyewe. Haikunyang'anyi uamuzi.

Labda anayechora mifumo hii ofisini hajui indiketa ina uzito gani katika barabara zetu. Huku siyo taa ya kona peke yake. Dereva wa lori anapoona unataka kumpita, anawasha kulia kukuonya kwamba mbele kuna gari, au anawasha kushoto kukuruhusu upite, na watu wanakabidhi roho zao kwa ishara hiyo kila siku kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Katika barabara ya namna hiyo, ishara inayotoweka bila mwenyewe kuitoa inasomeka kama neno lililosemwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva ndiye atoe ishara, na trafiki akija kupima ajali hatahoji kompyuta.

Nilikwenda kwa wakala aliyeniuzia. Fundi alinisikiliza kwa heshima, akaunganisha kompyuta yake, akaniambia kwamba hakuna hitilafu iliyoonekana na kwamba "ndivyo ilivyotengenezwa." Nikauliza kama inaweza kuzimwa kwenye mipangilio. Akasema toleo langu halina chaguo hilo, ingawa kuna matoleo mengine yenye nalo. Nikauliza basi ni mita ngapi na nyuzi ngapi za mlalo, ili nijue walau mipaka yake. Hakujua, na kitabu cha mwongozo kinasema tu kwamba indiketa hujizima "baada ya kona." Nililipa fedha nyingi kwa pikipiki ambayo hata anayeiuza hawezi kunieleza lini itaacha kusema kwa niaba yangu.

Ninachodai ni kidogo. Wekeni chaguo la kuzima mfumo huu katika kila pikipiki yenye dashibodi ya kompyuta, maana ni mstari mmoja kwenye menyu. Andikeni kwenye kitabu idadi ya sekunde, mita na nyuzi. Rudisheni mlio. Na muuzaji anapomkabidhi mteja funguo, amwambie kwa maneno ya wazi kwamba ishara inaweza kukatika kabla ya kona.

Kwa sasa ninaendesha kwa kubonyeza upya swichi kila baada ya sekunde chache ninaposubiri kukata kulia, na kidole kinabaki juu yake mpaka nimalize. Kama yupo humu aliyefanikiwa kuukata mfumo huu bila kuharibu ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukibana breki) au kupoteza dhamana, naomba aeleze hapa alifanyaje, waya kwa waya, na kama ni kwa programu basi ni ipi. Mwezi ujao nina safari ya Mbeya na sitaki kupita Kitonga nikiwa nayo hivi ilivyo.